Paka mzima na siri zake: kumtunza mnyama asiyesema anaumwa

Neno "mzima" lina utani wake. Ukisema una paka mzima, msikilizaji hajui kama unamaanisha paka aliyekwisha kukua au paka asiye na ugonjwa, na wengi wetu tunaofuga paka tumeyachanganya hayo mawili mpaka yamekuwa kitu kimoja. Akishavuka mwaka, chanjo za utotoni zimekwisha, amehasiwa, anakula, analala, anaruka juu ya kabati, basi huyo ni mzima kwa maana zote, mpaka siku atakapokutwa amejikunyata pembeni hataki chakula. Daktari wa mifugo huuliza, "Ameanza lini?" Mwenye paka hujibu, "Jana." Mara nyingi si jana.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa binadamu hilo ni onyo, kwa paka ni maumbile. Paka ni mwindaji, lakini ni mwindaji mdogo, na porini wapo wakubwa wanaomwinda yeye. Anayechechemea hadharani anajitangaza kuwa kitoweo. Kwa hiyo paka anayeumwa halii. Hulala zaidi kidogo, huacha kupanda dirishani, huhamia mvunguni. Hata ule mngurumo wa kifuani tunaoupenda si ushahidi wa raha, kwani paka hunguruma akibembelezwa na hunguruma vilevile akiwa na maumivu makali.

Ndiyo maana brashi, kikata kucha na kijiko cha kuzolea choo nimeacha kuviona kama vifaa vya usafi tu. Ni vifaa vya upelelezi. Mtu anayemchana paka wake kila wiki anaujua mwili wake ukiwa katika hali ya kawaida, na asiyeijua hali ya kawaida hawezi kuona mabadiliko.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Paka wangu jike alipokuwa na miaka 11 alianza kula kama anashindana na mtu. Nikafurahi, nikasema uzee umemkubali. Kilichonishtua ni brashi: siku moja ilipita mgongoni ikawa inarukaruka juu ya pingili za uti wa mgongo, kama gurudumu kwenye changarawe. Nilimpima akawa na kilo 3.4. Kadi yake ya mwaka uliotangulia ilisema 4.2. Damu ilipopimwa ikaonekana tezi ya shingoni, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi, maradhi yanayowapata sana paka wenye umri mkubwa: wanakula sana huku wanakonda. Macho yangu yalikuwa yanamwona kila siku, na pengine kwa sababu hiyohiyo hayakuona kitu.

Tangu hapo naamini mizani kuliko macho. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo ni kama mtu wa kilo 80 kupungua kilo 10. Mtu huyo angeulizwa na kila jirani, paka haulizwi na yeyote, manyoya yamemfunika. Mpime mara moja kwa mwezi. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mizani ya watoto wachanga ni sahihi zaidi ukiipata. Na vidole navyo vitumike: pitisha viganja ubavuni, mbavu zihisike chini ya tabaka jembamba la nyama bila kubonyeza. Ukizitafuta bila kuzipata, amenenepa. Zikikuchoma, amekonda.

Ulimi una kazi, brashi ina kazi

Swali ambalo kila mtu huuliza: paka hujilamba kutwa, kwa nini nimchane? Jibu liko kwenye ulimi wenyewe. Ule ukwaruzo unaousikia akikulamba mkono hutokana na mamia ya miiba midogo iliyotengenezwa kwa keratini, kitu kilekile cha kucha zetu, na yote imeelekea nyuma, kooni. Mwaka 2018 watafiti Alexis Noel na David Hu wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha ya kila mwiba ina uwazi mithili ya kijiko, unaobeba mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi. Ni chombo cha ajabu cha kusafishia. Lakini kwa kuwa miiba imeelekea kooni, unywele uliong'oka hauna pa kwenda ila tumboni. Mwingi hutoka na kinyesi, na uliobaki husokotana kuwa donge ambalo paka hulitapika kwenye zulia, na hakosi kuchagua lile safi. Kila unywele unaobaki kwenye brashi ni unywele ambao hakuumeza.

Paka wa manyoya mafupi anatosheka na mara moja au mbili kwa wiki. Wa manyoya marefu anahitaji kila siku, na hapa sitanii, kwa sababu mafundo huanza mahali usipopaona: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya mkia. Fundo likishakaza huvuta ngozi kila paka anapotembea. Usilikate kwa mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na huvutwa juu ndani ya fundo, ukidhani unakata manyoya kumbe unakata paka. Shika fundo kwenye shina lake ili ngozi isivutwe, ulifungue kwa kichana kuanzia nchani. Likishindikana, aliye na mashine ya kunyolea na uzoefu alinyoe.

Kuhusu namna ya kumshika, anza anapopapenda mwenyewe, mashavuni na chini ya kidevu, ndipo uteremke. Dakika tatu zinatosha. Ujuzi wote uko katika kuacha kabla hajakuambia uache. Mkia ukianza kupiga sakafu, ngozi ya mgongo ikitetemeka kama maji yaliyotupiwa kokoto, masikio yakigeuka pembeni, kipindi kimekwisha hata kama upande mmoja bado. Upande wa pili una kesho yake. Anayelazimisha leo atamtafuta paka chini ya kitanda kila akishika brashi.

Wakati mkono unapita, angalia anavyojilamba yeye mwenyewe. Paka aliyejilamba tumbo mpaka likabaki tupu husingiziwa kuwa ana mawazo. Huenda, lakini mara nyingi zaidi anawashwa, kwa viroboto au mzio, na wapo wanaolamba sehemu ya chini ya tumbo kwa sababu kibofu kinauma. Kinyume chake, paka ambaye manyoya ya mgongoni yamekuwa na mba na mafundo hajawa mvivu. Ama amenenepa hafiki, ama viungo vinamkatalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikagua picha za eksirei za paka 100 waliozidi umri wa miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyochakaa. Wenye paka wengi hawakuwa na habari, kwa kuwa paka hachechemei, anaacha tu kuruka, nasi tunasema amekua.

Na donge la manyoya nalo husingiziwa. Paka akijikunja, akanyoosha shingo mbele na kukohoa mara kwa mara bila kutoa kitu, huenda hilo si donge bali ni pumu. Mrekodi kwa simu. Daktari akiona video ya nusu dakika ataelewa zaidi kuliko akisikiliza maelezo yako ya robo saa.

Kumwogesha? Karibu haihitajiki, isipokuwa amejipaka mafuta, rangi au kitu cha sumu ambacho asingepaswa kukilamba.

Kiroboto usiyemwona, na dawa inayoua

"Paka wangu hana viroboto, sijawahi kuona hata mmoja." Paka hodari wa kujilamba hummeza kiroboto kabla hujamwona. Kipimo ni rahisi: weka karatasi nyeupe iliyolowa, mchane paka juu yake kwa kichana chenye meno ya karibukaribu, hasa kiunoni karibu na mkia. Vidoa vyeusi vikianguka, ngoja kidogo. Uchafu wa kawaida utabaki mweusi. Kinyesi cha kiroboto kitayeyuka na kuacha duara la rangi ya kutu, kwa sababu kile ni damu ya paka wako iliyokwisha kumeng'enywa.

Viroboto unaowakuta mwilini ni sehemu ndogo ya ukoo wao. Mayai, mabuu na pupa wako kwenye zulia, kwenye makochi na mahali anapolala, kwa hiyo kutibu paka bila kufagia na kufua ni kuteka maji kwa pakacha. Tena kiroboto aliyemezwa huweza kuwa amebeba tegu. Ukiona vitu kama punje za mchele vimeganda chini ya mkia, hivyo ni vipande vya mnyoo huyo, na dawa ya minyoo peke yake itakurudisha palepale mwezi ujao kama viroboto bado wapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningeomba kila mwenye paka alielewe chanzo chake, si kulikariri tu. Ini la binadamu, na la mbwa, hutoa dawa nyingi mwilini kwa kuziunganisha na kemikali ya jamii ya sukari, kisha zinatoka kwa mkojo. Paka ni mla nyama mtupu tangu enzi na enzi, hakulazimika kupambana na sumu nyingi za mimea, na vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo kwake ni hafifu mno. Dawa ambayo kwetu huondoka kwa saa chache, kwake hukaa na kugeuka sumu. Paracetamol ni mfano mbaya kuliko yote: kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kahawia au buluu. Permethrin, iliyomo katika dawa nyingi za matone za kuulia viroboto vya mbwa, inahusishwa na upungufu huohuo. Paka hutetemeka, hupata degedege, hufa. Picha ya mbwa kwenye boksi si pambo, na kugawa dozi ya mbwa mara nne hakuifanyi kuwa dawa ya paka.

Yungiyungi wa jamii ya Lilium ni hatari ya namna nyingine, na bado haijajulikana kwa nini paka hasa: hata chavua iliyomdondokea mgongoni akailamba inaweza kuangamiza figo ndani ya siku chache. Ua hilo lisiingie kabisa katika nyumba yenye paka.

Kucha 18, meno 30

Paka ana kucha 5 kila mguu wa mbele na 4 kila mguu wa nyuma. Zinakua kwa matabaka kama kitunguu, na anapokwaruza gogo au, Mungu apishie mbali, kochi, anavua ganda la nje. Paka anayetoka nje mwache nazo, ni silaha na ngazi zake. Wa ndani mkate kucha kila wiki mbili au tatu. Bonyeza kidole taratibu juu na chini, ukucha utoke. Ndani yake utaona sehemu ya waridi: hiyo ni nyama yenye damu na neva, uikwepe kwa mbali, ukate ile ncha kali inayopinda tu. Kucha mbili kwa siku zinakubalika, hakuna mashindano. Usisahau ukucha wa kidole gumba, ule wa ndani usiogusa chini. Kwa paka mzee huo huota ukapinda hadi ukatoboa nyayo, na wala hatasema. Kumng'oa kucha kabisa ni habari nyingine: kinachokatwa ni kifupa cha mwisho cha kila kidole, na Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zimekataza.

Meno ndiyo yanayopuuzwa kuliko vyote. Paka hapati matundu kama yetu ila kwa nadra. Yeye ana ukoga unaoganda na kuchoma fizi, na ana maradhi ya ajabu ambayo jino linaliwa na mwili wenyewe, kuanzia shinani, na ni maumivu makali. Usingoje aache kula. Atakula huku anaumwa, kwa kuwa njaa ni kali kuliko jino. Tazama kama anatafuna upande mmoja, anadondosha chakula, anakimbia bakuli baada ya tonge la kwanza. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, angalia ufizi uliozunguka magego ya nyuma. Mstari mwekundu kama uzi si wa kawaida. Harufu mbaya nayo si "harufu ya paka".

Kupiga mswaki kunawezekana. Anza na kidole kilichofungwa kitambaa, upande wa nje tu, kwani wa ndani ulimi unausaidia. Dawa ya meno iwe ya paka, yetu ina floridi na povu, naye hana namna ya kutema. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hauondoki kwa mswaki, unahitaji daktari na nusukaputi. Ukwanguaji wa paka akiwa macho husafisha panapoonekana na kuacha chini ya ufizi, palipo na ugonjwa.

Habari nyingine ziko chooni

Paka wa nyumbani ametokana na paka wa jangwani, Felis lybica, na figo zake bado zinafikiri ziko jangwani: hubana maji, hutoa mkojo mzito, na kiu humchelewa. Chakula kikavu kina maji takribani asilimia 10, cha majimaji hukaribia 80, na anayekula kikavu kitupu kwa kawaida hafidii tofauti yote kwa kunywa. Mchanganyie.

Nikizoa choo chake cha mchanga asubuhi nahesabu madonge ya mchanga ulioganda kwa mkojo na kuangalia ukubwa wake. Yakianza kuwa makubwa na mengi, na bakuli la maji linakauka mapema, nafikiria figo, kisukari au tezi. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake kabla paka hajaonekana mgonjwa. Mchanga hujua kwanza. Madonge madogo mengi ni kibofu kinachouma. Na paka dume anayeingia chooni mara kwa mara, anajikamua, analia, hatoi kitu au anatoa tone, usimpe hata usiku mmoja. Njia ya mkojo imeziba, sumu inarudi kwenye damu, na ndani ya siku moja mpaka tatu atakufa. Wengi hudhani amefunga choo kikubwa wakangoja kuche.

Kuzoa kila siku kuna faida nyingine. Kijidudu cha Toxoplasma kikitoka na kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Choo kinachosafishwa kila siku hakikipi muda huo. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, kwani kijidudu hicho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hana haja ya kumfukuza paka.

Kula nako ni habari. Paka aliyekosa chakula saa 24 apigiwe simu daktari, na akiwa mnene haraka zaidi: mwili wake huhamisha mafuta kwa kishindo hadi ini linazama katika mafuta na kushindwa kazi. Kumfungisha mnene ili apungue ni kosa la mauti. Na asile chakula cha mbwa kila siku. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake walionyesha kwamba paka waliopungukiwa taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama, walikuwa wanapanuka moyo, na wengi walipona waliporudishiwa. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea taurini. Paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, lazima aile.

Kwa daktari, mara moja kwa mwaka inatosha hadi miaka 10, baada ya hapo mara mbili. Chanjo za msingi, zile za panleukopenia (ugonjwa mkali wa virusi unaoshambulia utumbo na chembe nyeupe za damu) na virusi viwili vya mafua ya paka, kwa kawaida hurudiwa mwaka mmoja baada ya zile za utotoni, kisha kila miaka mitatu au jinsi daktari atakavyoona; ya kichaa cha mbwa hufuata sheria ya nchi. Paka wa ndani naye achanjwe, kirusi cha panleukopenia huingia na viatu vyako. Ugomvi wa kumtia kizimbani siku ya safari huisha ukikiacha kizimba wazi sebuleni mwaka mzima, blanketi ndani, kikawa kitanda chake.

Kwa yale mashaka ya katikati, pale usipojua kama umwamshe daktari, upo uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal walichapisha mwaka 2019 kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa paka kwa mambo matano: masikio yaliyogeuka nje, macho yaliyofinywa, mdomo uliokaza, masharubu yaliyonyooka badala ya kulegea, kichwa kilichoteremka chini ya mabega. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10 paka anahitaji dawa ya maumivu. Nilipojifunza nilirudi kwenye picha za zamani za paka wangu, zile nilizoandika "amelala vizuri". Katika mbili macho hayakuwa ya usingizi.

Sasa ana miaka 13, anameza vidonge vyake asubuhi na jioni kwa chuki ileile. Usiku akilala naweka saa na kuhesabu pumzi, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Zisizidi 30 kwa dakika, na zake ni 22, wakati mwingine 24. Hufungua jicho moja akaniangalia, akalifumba. Jumapili ni siku ya mizani. Iliyopita ilisoma kilo 4.1.